Bibi Anayesubiri Presha Ishuke

Saa mbili kasorobo asubuhi nesi wa orodha alikuwa ameshachora mishale thelathini na tisa. Aliichora kwa kalamu ya wino mzito, mmoja mmoja juu ya nyusi, ukielekea jicho la kupasuliwa, maana mtu akishafunikwa shuka la kijani juu ya meza huwezi kujua jicho lipi ni lipi, na daktari naye ni binadamu. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamewafika kifuani, wametulia kama watoto walioambiwa mkaguzi yuko njiani. Nje gari la macho lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta wa shule, jenereta linanguruma, na ubavuni mwake yameandikwa maneno makubwa kwamba huduma ni bure kwa wote.

Bure ilikuwa kweli. Hiyo ya kwa wote ndiyo yenye maneno. Lenzi za kupandikiza ndani ya jicho zilikuwa arobaini kwenye sanduku, na waliopanga foleni tangu alfajiri walikuwa mia mbili na ushei. Nesi ndiye aliyewachuja. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, na alijulikana kwa kutoogopa mtu, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliamini mpaka siku ile.

Wa arobaini alikuwa Bibi Punje. Jina hilo alipewa sokoni, kwa sababu miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuchambua maharage ya wachuuzi, kutoa mawe, vijiti na punje zilizooza, na ilisemekana maharage yaliyopita mikononi mwake hata kibogoyo angeyatafuna bila wasiwasi. Jicho lake la kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, na wachuuzi walishaanza kumrudishia magunia, mawe yakiwa bado ndani. Alikuja peke yake, akipapasa ukuta tangu getini. Nesi alimpima presha, ikawa nzuri kuliko ya nesi mwenyewe. Alipochorwa mshale alicheka kidogo, akasema anatekenywa.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya shule akaja na mama mkwe wake. Mwenyekiti ndiye aliyewapa madarasa, ndiye aliyeleta maji ya tangi, na chakula cha mchana kilikuwa kinapikwa nyumbani kwake. Mama mkwe alikuwa na ukungu mwembamba kwenye jicho moja. Jingine lilikuwa zima kabisa, na wakati wakisubiri alisoma namba ya gari kwa sauti, kwa kujifurahisha tu. Daktari alimwangalia, akamwangalia mwenyekiti, akavaa glavu. Akasema mambo ya orodha ni ya nesi, yeye hayaingilii.

Nesi aliipitia orodha. Fundi baiskeli alikuja na kaka zake watatu, wote wana midomo. Mshona viatu alikuja na mkewe. Mwalimu mstaafu alijua kuandika barua za malalamiko. Kidole kiliteremka mpaka chini, kikasimama kwa yule ambaye hakuja na mtu. Hakuna aliyemlazimisha. Baadaye, alipotaka kumtafuta wa kumlaumu, alilipitia jambo lile mara nyingi, na kila mara alimkuta humo yeye peke yake, na pamba mkononi.

Aliilowesha pamba kwa spiriti, akaufuta mshale.

"Bibi, presha yako imepanda kidogo," alisema. "Kaa kwenye benchi pale mlangoni, upumue taratibu. Ikishuka nitakuita."

"Pole mwanangu," Bibi Punje akasema. "Nimekusumbua bure."

Akaenda kukaa, viganja juu ya magoti, akaanza kupumua taratibu. Kutwa nzima nesi alitumia mlango wa nyuma. Mara mbili alichungulia dirishani, na mara zote mbili bibi alikuwa anapumua vilevile, kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi. Saa kumi na mbili jioni mlinzi wa shule alimshika mkono akamrudisha kwake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuja kuwa na urefu wa mwaka mzima.

Asubuhi iliyofuata bandeji zilifunguliwa. Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. Nesi alisimama hatua tatu mbele yake, akainua vidole, akamuuliza anaona nini.

"Vidole vitatu," akasema fundi, "na bibi mmoja kwenye benchi."

Nesi aligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Mshona viatu aliona vidole viwili na bibi. Mwalimu mstaafu aliona vidole vinne na bibi, akaongeza kwamba bibi huyo amevaa kitambaa cha kichwa cha bluu, kimechanika pembeni, na anapumua taratibu sana. Wote arobaini walimwona, mama mkwe wa mwenyekiti akiwa mmojawapo, tena yeye ndiye aliyemwona vizuri zaidi, kwa kuwa jicho lake halikuwa bovu tangu mwanzo. Daktari aliuliza umbali kutoka kiti cha mgonjwa mpaka lile benchi. Akaambiwa mita nane. Akasema vizuri, andika wanaona mita nane.

Fomu ya matatizo baada ya upasuaji ilikuwa na visanduku vya kuwasha, machozi, wekundu na mengineyo. Nesi alijaza arobaini kwenye mengineyo, akaeleza kwa mstari mmoja. Makao makuu waliuliza kama bibi huyo anauma. Nesi akajibu kwamba haumi. Basi wakaandika kwamba si tatizo, upasuaji umefanikiwa asilimia mia, na kwenye ramani ya ukutani eneo lile likapakwa kijani, maana yake hapo pamekwisha, gari lisirudi. Nesi ndiye aliyepewa rangi apake. Alipaka vizuri, hakutoka nje ya mstari.

Watu arobaini walirudi makwao wakaanza maisha na bibi yao. Hakuwa msumbufu. Kila penye mlango, kando yake alikuwepo, kwenye benchi lile lile la shule, anasubiri. Ukifumba jicho lililopasuliwa alitoweka. Ukilifumbua alikuwa hajasogea. Mshona viatu siku za mwanzo alidhani ni mteja, akawa anamwambia subiri kidogo mama, nakuja. Fundi baiskeli alikuwa akioga jicho moja amelifumba, kwa heshima. Mwalimu mstaafu alimwamkia kila aingiapo na kila atokapo, na mkewe, ambaye hakupasuliwa jicho, alizoea kumsikia akiitupia pembe shikamoo, akawa anamuuliza tu bibi kaamkaje. Waliacha nafasi alipokaa. Hawakuweka ndoo pale. Jamani, hata wageni hawakupokelewa vile.

Mwaka ulipotimia nesi alitumwa na dereva kwenda kukagua yale macho arobaini, kwa ajili ya ripoti ya mwisho. Si kutibu, kukagua. Alibeba tochi, ubao wa herufi, matone, na kipima presha ambacho hakikuwa kwenye orodha ya vifaa na hakujiuliza kwa nini amekibeba. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alisoma herufi mpaka mstari wa chini, na kila mmoja, alipomaliza, alimpa nesi habari za bibi bila kuulizwa. Hajambo. Bado anapumua. Nesi alikuwa akiandika huku ameinamisha uso, na masikio yalimchoma kama aliyepigwa makofi.

Nyumbani kwa mwenyekiti, mama mkwe alikuwa ametandika mkeka kando ya mlango, ambapo nesi hakuona kitu.

"Sakafu ni baridi pale," akaeleza. "Na miguu yake haina viatu."

Nesi akamuuliza kama amewahi kumtembelea Bibi Punje kwake, kule nyuma ya soko. Mama mkwe alishangaa swali lenyewe, si kingine. Akasema kumtembelea wakati wanaonana kutwa mara hamsini? Hata ndugu wa tumbo moja hawaonani hivyo. Akasema tena kwamba yeye hakuomba nafasi ile. Mkwe wake ndiye aliyesema panda gari, akapanda. Kisha akasogeza ukingo wa mkeka kidogo kwa mguu, ukae sawa. Nesi alikuwa amebakiza neno la kumwambia, lakini akaona kwamba anayestahili neno lile ni yeye mwenyewe, na hapa alikuwa anatafuta mtu wa kumtwisha.

Wengine wote walimjibu vilevile. Hakuna hata mmoja kati ya arobaini aliyekuwa amekanyaga kwa Bibi Punje.

Akaenda mwenyewe. Dereva alimsubiri sokoni. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, mlango uko wazi, na ndani Bibi Punje alikuwa sakafuni na sinia mapajani. Wachuuzi hawakuwa wakimletea kazi tena. Alikuwa na kikombe kimoja cha maharage na mawe kumi aliyoyaokota uani. Kila siku aliyachanganya, akayachambua kwa vidole, akayachanganya upya, vidole visije vikasahau. Vidole vyenyewe vilikuwa na makovu ya moto, mapya kwa ya zamani. Aliishi kwa uji alioletewa na jirani siku alizokumbuka, na siku nyingine alijipikia kwa kupapasa.

Nesi alipobisha hodi, bibi alimtambua kwa sauti.

"Karibu mwanangu. Nilijua utakuja tu." Alipapasa sakafu mpaka akapata kigoda, akamsogezea. "Ila usinigombeze. Nilikaa siku ile mpaka giza, haikushuka. Nikajua kosa ni langu, nina chumvi nyingi mwilini. Nimeacha. Mwaka mzima sijatia chumvi kwenye chungu. Jirani anasema uji wangu ni wa mahabusu. Na ngazi sipandi, na hasira nimeacha, hata yule aliyeniibia kuku nimemwambia yaishe tu."

Nesi hakukaa. Alikuwa ametoka gari lilipo na maneno tayari mdomoni, ameyapanga njia nzima: bibi, haikupanda. Maneno mawili. Baada ya hayo angemwambia ya mwenyekiti, ya pamba, ya mlango wa nyuma, na bibi angemfukuza au angemlilia, lolote lingekuwa haki yake. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na haki ya mtu huyu ilikuwa walau ajue.

"Nipime basi," akasema Bibi Punje, akanyoosha mkono.

Mkono ulikuwa mwepesi, ngozi imelegea, nguo imeshakunjwa mpaka juu ya kiwiko. Nesi aliuzungushia kitambaa cha kipima presha, akakijaza upepo, akasikiliza. Ilikuwa ile ile ya mwaka jana. Bibi alikuwa amezuia pumzi, uso ameuinua, anangoja hukumu. Nesi alifungua mdomo. Aliona aibu mbili zimesimama mbele yake, ya kusema na ya kutosema, akachagua ile ambayo haitaonekana na mtu.

"Imeshuka, bibi," akasema.

Bibi Punje alipiga makofi mara moja, akacheka mpaka maharage yakamwagika kutoka kwenye sinia. Akasema alijua, chumvi ndiyo iliyokuwa adui yake. Akauliza gari limewekwa wapi mwaka huu, shuleni au mahali pengine, na kama aje na shuka lake. Nesi akasema atamletea habari. Akamwokotea maharage pamoja na mawe yake, akamrudishia sinia, akaaga. Bibi alimshukuru kwa kujisumbua. Akamwombea dua, naye akaipokea.

Alirudi kupitia karakana ya baiskeli, maana njia ya gari ilikuwa hiyo hiyo. Fundi alikuwa ameacha gurudumu linazunguka peke yake, anautazama mlango wa karakana yake.

"Nesi," akasema, "bibi amesimama sasa hivi. Amejifunga kitambaa upya, amejinyoosha nguo. Umemwita?"

Nesi alimwambia matone atie asubuhi na jioni, asisahau kunawa mikono. Akapanda gari. Dereva akauliza kama wamemaliza, akajibiwa wamemaliza. Jioni hiyo, kwenye ripoti, palipoandikwa mengineyo, aliandika sifuri.

Kwa watu wale arobaini hakuna kilichobadilika sana. Wanasoma, wanashona, wanatia uzi kwenye sindano. Kando ya kila mlango benchi lipo, ila bibi haketi tena. Wamemwashiria akae asichoke, mwalimu mstaafu amemsihi kwa maneno mazuri, na mama mkwe amemwekea kiti chenye mto. Anawatikisia kichwa kwa adabu, ananyoosha nguo yake, anabaki amesimama, anautazama mlango.