Kelele ya Tapeti

Peugeot ya marehemu baba yake Cephas ilitoka Migori kimya, mpaka Achieng, bibi ya Cephas, akasema leo gari imeokoka. Kufika mlima wa Uriri injini ikapata moto, ikaanza kukohoa, ikatetemeka kama mbuzi imenyeshewa, nguvu ikaisha.

Nyuma kabisa, mbali na Cephas vile heshima inataka, alikaa maro wake, mama mkwe, Mama Teresa. Jicho moja lilishazima. La pili lilikuwa lipasuliwe leo huko Homa Bay, na madaktari wa kambi ya macho walikuwa wanafunga saa sita wapotee. Achieng akasema wasimamishe matatu. Cephas akakataa. Umshushe maro barabarani, umsukume kwa matatu kama gunia ya omena? Utaenda kwao tena na uso gani?

Fundi alikuwa hapo karibu, Mkisii anaitwa Mogire. Akachomoa plagi zote, akaweka saa yake ya kupima kompresheni, ile nguvu ya upepo ndani, kwa silinda moja moja, Cephas akipiga stata. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, sindano iliinuka kidogo ikalala. Mogire akamwaga oili kidogo ndani ya hiyo ya tatu, akapima tena. Sindano ikakataa kupanda.

"Ingekuwa ringi za pistoni, oili ingeinua. Hapa ni valvu haifungi, upepo inatoroka. Kuna mtu aliguza tapeti, hizi skrubu za valvu?"

Cephas aliangalia viatu. Maro alikuwa amesimama kando ya gari, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Mtu wa macho mbovu, masikio yake haina mchezo.

"Hapana," Cephas akasema.

"Basi valvu imeungua. Tunatoa hedi, kichwa yote ya injini. Hiyo ni mpaka jioni."

Mogire akachukua spana kubwa, akaishika kwa bolti ya kwanza. Cephas alifikiria hilo jicho, vile lilibakisha tu mwanga wa kujua mlango uko wapi.

"Ngoja, fundi. Ni mimi. Nilizikaza jana."

"Ulizikaza ya nini?"

"Zilikuwa zinapiga kelele. Nitabebaje maro na gari inalia kama cherehani?"

Mogire alicheka mpaka akakalia tairi. Akamwambia valvu inataka kanafasi, na hiyo kelele ni ya hako kanafasi. Ukiinyima, chuma ikipata moto inapanuka, valvu inabaki wazi. Akafungua kifuniko cha juu, akazilegeza tapeti injini ikiwa moto hivyo hivyo, akipima nafasi na vibamba vyake vya chuma. Sindano ya tatu ikapanda. Haikufikia wenzake, lakini ikapanda.

"Mtafika," akasema. "Ukisikia imenyamaza tena, simama."

Tangu harusi Mama Teresa hajawahi kumwambia Cephas neno bila kupitia kwa Achieng. Sasa akageuza uso pande alikosikia sauti yake.

"Baba Liz, hiyo kelele ndiyo hunijulisha mmekuja. Ulitaka nisione, na pia nisisikie?"

Cephas akawasha injini. Aliendesha gari ikilia tik-tik-tik, Awendo, Rongo, na kila lori ikipita na kufunika hiyo sauti, roho ilimruka mpaka aisikie tena.

Huko Homa Bay askari alikuwa anavuta geti ya kambi afunge. Akasikia kitu inakuja ikilia kwa mteremko, akaacha mkono kwa geti, akangoja aone ni gari gani.