Watoro wa Nyuma ya Ukuta

Ukitaka kumchokoza Shangazi, mseme yeye mwenyewe, atacheka. Ua wake tu ndio usiuguse. Ulizunguka nyumba pande tatu, urefu wa kifua cha mtu mzima, majani yake ya zambarau iliyokolea, na jua la asubuhi likiupiga wapita njia walisimama wakasahau wanakokwenda. Ndani yake kulikuwa na miiba myembamba kama sindano, hapiti mbuzi wala mwizi. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Bibi Zambarau, na kila nyumba yenye ua wa namna hiyo ilichukua miche kwenye kitalu chetu.

Kazi ya kitalu ilikuwa yangu. Nilipogoa, nikachomwa, nikatukana, nikapogoa tena. Jambo la kwanza alilonifundisha Shangazi ni kwamba mbegu za mmea ule hazina utii: ukipanda mia, nyingi huota na majani ya kijani tu, kama kitu chochote cha porini. Wateja wanataka zambarau. Kwa hiyo kila msimu niling'oa miche ya kijani nikaitupa nyuma ya ukuta, kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijitoni. Shangazi aliiita watoro. Nimetupa watoro miaka kumi na mmoja, na sikuwahi hata siku moja kuchungulia walikoangukia.

Kisha akaja bwana misitu, viatu vimejaa matope, mpole kupita kiasi. Alikataa hata kukaa.

"Mama, nakuomba uung'oe huu ua," alisema. "Ndege wanakula hivi vitunda vyekundu, wanakwenda kuvipanda msituni. Bondeni kumejaa, hata maji hatuyafikii."

"Bondeni kumejaa zambarau?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Mama. Ya huko ni ya kijani."

"Basi kamtafute mwenye kijani. Wangu ni wa zambarau, na una adabu kuliko watu wa ofisini kwenu."

Nilicheka kwa sauti. Bwana misitu hakucheka. Alisema mwisho wa mwezi atarudi na vibarua, na kama ua utakuwa bado umesimama, wataung'oa wao, wote, mpaka mzizi wa mwisho. Alipotoka, Shangazi alienda kuushika ua wake kwa kiganja kitupu, katikati ya miiba, na kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikumbuka neno "kijani", nikakumbuka mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilichukua sururu, nikamwambia, "Shangazi, twende nyuma."

Mlango wa nyuma ulikuwa umeshikwa na kutu, tuliusukuma wawili. Loo! Sijui niseme nini. Chini ya miti, kutoka ukutani hadi majini, hapakuwa na nyasi, hapakuwa na njia, hapakuwa na yale maua madogo niliyochuma nikiwa mtoto. Kulikuwa na kichaka kimoja tu, cha kijani, kimeshikana, kimya. Tawi lililogusa udongo lilikuwa limeota mizizi likawa kichaka kingine, na hicho nacho kimeinamisha tawi lake. Niliogopa, kweli, lakini nitakuwa mwongo nikisema niliogopa tu. Nilistaajabu. Vimche nilivyovirusha vikiwa na majani mawili, mizizi juu, bila maji wala dua ya mtu, vilikuwa vimeuchukua mteremko mzima. Sisi tulihangaika na samadi na makasi. Vyenyewe havikuhitaji chochote kutoka kwetu.

"Si wangu hawa," Shangazi alisema, sauti chini.

Nilipiga sururu, nikapasua mzizi, nikamwonyesha. Ndani ulikuwa wa njano kali kama bizari, njano ambayo tumeiona kila tulipokata mzizi wa ua wetu, na hatujaiona kwenye mmea mwingine wowote. Aliushika, akauangalia sana. Kisha akanyoosha kidole. Katikati ya ule ukijani, mbali kidogo, mmoja ulikuwa umeota wa zambarau, mrefu, mzuri kuliko wowote tuliowahi kuuza.

"Kumbe nilikuwa nawapanda," alisema. "Nilidhani nawatupa."

Alirudi nyumbani akaanza kuung'oa ua wake pembeni mwa lango. Hakungoja mwisho wa mwezi, wala vibarua. Tulichimba siku tatu. Viganja vyake vilivimba, nikamwambia pole, akanikata kauli: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Vuta." Shina la mwisho lilipotoka alikwenda kusimama barabarani, akaitazama nyumba iliyobaki uchi, matofali yake yamebanduka plasta. Machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuyafuta.

"Tulimpa nani mwingine?" aliuliza.

Nilimtajia. Nyumba kumi na nane. Akaitia sururu begani, akavuka kwenda kwa jirani wa mbele, mwalimu mstaafu aliyetoka na makasi mkononi, kwani alikuwa akiupunguza ua wake. Shangazi alimweleza yote, bila kujificha popote.

Mwalimu aliugeukia ua wake. Jua lilikuwa limeupata sawasawa.

"Hata huu, dada? Tazama ulivyo mzuri."

"Naona," Shangazi alisema. "Ni mzuri sana." Akapiga sururu ya kwanza.