Keki Haikatwi Kabla ya Mama

Simeon Njau hakuwa amepika keki hata siku moja maishani mwake, na hilo halikumzuia kutangaza kwenye ploti yote ya wapangaji pale Makongeni kwamba keki si kazi, keki ni ndazi tu lililoenda shule.

Alikuwa na sababu ya kujitia moyo. Tangu mkewe Tabby amwache na kuhamia Ruiru na watoto wao wawili mwaka uliopita, watoto walimjia Jumamosi na kuondoka jioni hiyo hiyo, kama watu waliokuja kusoma mita ya stima. Lakini leo binti yao Wanja alikuwa anatimiza miaka sita, na Tabby alikuwa amelegeza kamba kidogo.

"Nitawapitia saa kumi na moja," alikuwa amemwambia kwa simu. "Wakisema wanataka kulala, walale. Lakini waseme wenyewe, Simeon. Usiwalazimishe."

Kwa hivyo keki ilikuwa na kazi ya kufanya. Simeon alikuwa ametandika godoro jipya sakafuni. Alikuwa amenunua miswaki miwili, mmoja wa twiga na mwingine wa gari, akaitia kikombeni kando ya wake. Asubuhi alipokikuta kikombe kimejaa, alikitazama kwa muda ambao mtu mwenye akili zake hawezi kutazama kikombe.

Wanja alipewa jina la mamake Simeon, na nduguye Githae, wa miaka minne, jina la baba yake Simeon, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Wazee wenyewe walikuwa wamezikwa Theta kitambo. Basi Simeon alijihesabu mtu mwenye bahati ya pekee: wazazi wake walikuwa wamerudi duniani wakiwa wafupi hivi, na bado walimtuma maji ya kunywa. Wanja alimwita "maitu", yaani mama yangu, kwa Kikuyu. Githae alikuwa "mzee".

"Maitu, vunja mayai hapa. Manne."

"Mama huweka sita."

"Mama anafuga kuku?"

"Hapana."

"Basi hata mimi sifugi. Vunja manne."

Githae alikuwa amepewa mwiko akoroge sukari na majarini mpaka viwe vyeupe. Alikoroga mara tatu, akalamba mara saba.

"Mzee, hiyo si uji."

"Naangalia kama imeiva."

Benta, jirani aliyewaazima jiko, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Cindy, alichungulia mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Wanja, hiyo sufuria umepaka mafuta ukanyunyizia unga?"

"Mama Cindy, wewe niachie. Mimi ni fundi."

"Yawa! Fundi wa kushona magunia!" Akaenda zake akicheka.

Hakuwa ameipaka.

Jiko liliwekwa nje, kwenye varanda ya ghorofa ya tatu. Sufuria kubwa yenye mchanga ikakaa juu ya makaa, sufuria ndogo ya keki ikatiwa ndani yake, kifuniko kikafuata, na juu ya kifuniko makaa mengine. Punde harufu ikaanza kutembea. Kila jirani aliyepita alivuta pua, na kila aliyevuta pua alimsikia Simeon akipaza sauti kuliko ilivyohitajika: "Maitu, usiguse jiko! Mzee, rudi hapa!" Siku nyingine zote, sauti iliyotoka chumbani mwake ilikuwa ya redio, na hata hiyo ilikuwa ya mpira.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka Githae alipokumbuka ni bathdei. Na mtu wa bathdei, hata mtoto wa miaka minne anajua, lazima amwagiwe maji. Alijaza jagi, akamnyatia dadake kutoka nyuma.

"Hepi bathdei!"

Wanja aliinama. Maji yakampita juu ya kichwa yakatua kwenye jiko. Tssss! Majivu yakaruka, moshi ukafunika varanda, na makaa zaidi ya nusu yakazimika.

"Nilimkosa," Githae alisema, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Simeon alipiga magoti akapuliza, akapepea kwa kipande cha katoni, akapuliza tena, akihesabu dakika zake zikienda na moshi. Makaa yaliposhika, alibaki pale pale chini, akijipangusa macho.

"Baba, unalia?" Wanja aliuliza.

"Ni moshi."

"Moshi umeisha."

"Ni ule wa saa ile."

Keki ilitoka jikoni zikiwa zimebaki dakika ishirini tu kufika saa kumi na moja. Ilikuwa imeungua juu, na imelalia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea ukutani, lakini ilinukia vizuri mno. Ila ilikataa kuachana na sufuria. Simeon alizungusha kisu, akaipindua, akaipiga matakoni kama mtoto aliyemeza shilingi. Wapi!

"Itakaa humo humo," aliamua. "Hii ni muundo mpya."

Wanja alipanga peremende juu yake. Katikati wakasimamisha nusu ya mshumaa, ule wa siku ambazo stima imepotea. Simeon akachukua kiberiti. "Haya, tuimbe, tukate."

"Hatukati," Wanja alisema.

"Kwa nini, maitu?"

"Tichaa Wangeci alisema ukikata keki, wa kwanza kulishwa ni mama, kwa sababu ndiye alikuzaa."

"Na baba?"

Wanja alifikiria sawasawa; hakuwa mtoto wa kudanganya watu. "Wa pili ni Githae. Wewe ni wa tatu."

"Medali ya shaba si mbaya. Lakini mama hayuko hapa."

"Tutamngoja."

Honi ikalia chini.

Tabby hakutoka kwenye teksi. Tangu siku aliyoondoka hakuwa amevuka lile geti, na Simeon alikuwa amezoea kumwona kupitia dirisha la gari, kuanzia mabega kwenda juu. Simeon alishuka ngazi na sufuria mikononi, ameishika kwa kitambaa, watoto wakimtangulia.

"Sasa," Tabby alisema.

"Poa."

Miaka saba ya ndoa ilikuwa imebakiza maneno hayo mawili ya salamu.

"Mama, panda juu tukulishe keki!" Wanja alisema.

Tabby alimgeukia Simeon. "Umewafundisha hivyo?"

"Ni tichaa. Mimi mwenyewe niko nambari tatu."

Tabby alikaribia kucheka. Alikaribia tu. "Siwezi kupanda, Wanja. Nilisheni hapa."

"Keki haikatwi kwa geti. Lazima watu wakae, waimbe."

Dereva alitazama saa. Tabby akashusha pumzi. "Basi niambieni nyinyi wenyewe. Mnabaki ama tunaenda?"

Githae alikuwa ameshaingia garini na kufungua dirisha. Wanja alitazama sufuria, kisha akamtazama babake. "Keki inabaki?"

Simeon akaona njia imenyooka mbele yake. Angesema inabaki, na Wanja angebaki nayo. Githae naye angeshuka mwenyewe, akifuata peremende. Neno moja tu, na hakuna ambaye angesema amelazimisha mtu. Halafu maitu angekaa mezani kule juu, mikono mapajani, akilinda keki isiyokatwa na kumngoja mtu asiyepanda.

"Keki inaenda," alisema. "Na sufuria yake. Hawa wawili wamekataa kuachana."

Tabby alitazama kando. Simeon alifungua mlango wa nyuma, akakunja kitambaa mara mbili juu ya mapaja ya Wanja, akaiweka sufuria hapo.

"Shika vizuri, maitu. Bado ina moto."

Saa kumi na mbili na nusu simu yake ililia, simu ya video. Kule Ruiru mshumaa ulikuwa umewashwa. Waliimba, na Simeon akaimba nao, peke yake chumbani, akichelewa neno moja nyuma yao kila mara. Aliona Tabby akilishwa. Aliona Githae akilishwa na kuomba kingine. Kisha Wanja akasogea mpaka simu ikajaa pua.

"Baba, wewe sasa. Fungua mdomo."

Akafungua mdomo, wote. Kipande cha keki kikaja, kikaja, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Tafuna!"

Akatafuna.

"Ni tamu?"

"Tamu sana, maitu. Imeungua kidogo tu."

Wanja alicheka, na katikati ya kicheko picha ikaganda, mkono wake hewani, vidole vimejaa makombo. Sauti nayo ikapotea. Simeon alisema haloo mara mbili. Hakukata simu. Aliishikilia mbele ya uso wake, akaendelea kutafuna, isije ikawa kule bado wanamwona.