Kurasa Kumi na Sita

Treni ya kwenda Taichung ilikuwa imeshaanza kusogea nilipomwona Yu-chin dirishani, bahasha ya mswada imelala mapajani mwake kama mtoto mgonjwa. Nikagonga kioo kwa kitabu. Akageuka, akatabasamu, akanipungia mkono wa kwaheri. Alidhani nimekuja kumsindikiza. Basi nikadandia behewa la mwisho, mzee wa miaka sitini na saba, popoo shavuni, tiketi sina, kama nilivyokuwa nikidandia treni za miwa ujanani. Nyuma yangu mkuu wa kituo cha Dounan alikuwa akinitukania ukoo mzima.

Hasira niliyopanda nayo haikuwa ya asubuhi ile peke yake.

Miaka miwili kabla, msichana huyu, binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu, alikuja kibarazani kwangu na daftari. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Baba mkubwa, tanuri la mvuke likipasuka, mtu anasikia nini kwanza?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana kama lile. Nilichochea moto kwenye treni za kiwanda cha sukari miaka kumi na mmoja kabla sijaenda baharini, na mkono wangu wa kushoto ni kovu tupu, kiwiko hadi vidole. Nikamwambia kwanza husikii kitu. Unaona weupe. Sauti inafuata, na maumivu yanakuja mwisho kabisa, kama mgeni aliyepotea njia. Akaandika. Alikuja hivyo majira yote ya mvua.

Riwaya ikatoka, ya vijana: mji unaoelea angani kwa nguvu za mvuke, wachawi wanaoroga kwa magurudumu ya saa, na msichana mchochea moto aitwaye Chiu, anayepoteza mkono tanuri linapopasuka, akajifulia mwingine wa chuma. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Huwa sikai mahali. Niliporudi kutoka milimani, kwenye mashamba ya chai, nilikuta kitabu kimeshahukumiwa.

Hukumu ilikuwa dukani kwa Mama Hsieh, aliyekodisha vitabu mkabala na shule ya wasichana. Juu ya kaunta aliweka daftari, na kila aliyerudisha kitabu aliandika maoni yake. Mchapishaji, bwana mmoja wa Taichung, alilisoma daftari lile kama wengine wanavyopigiwa ramli. Nikalifungua.

"Asubuhi ana mikono miwili, jioni mmoja ni chuma. Tulilala wapi?"

"Mwandishi kaisahau hadithi yake mwenyewe."

"Mtoto arudi jikoni."

Na refu kuliko yote, kwa mwandiko mzuri wa brashi, la Mwalimu Kuo, mstaafu aliyeheshimiwa mji mzima: "Kijana huyu hajui sababu wala matokeo. Mkono wa chuma hauoti kama uyoga."

Mchapishaji akamwambia Yu-chin kwamba kitabu cha pili, cha kuendeleza hadithi ya Chiu, atakichapa, ila mkono wa chuma uondoke, wasomaji hawautaki. Binti akakaa miezi mitano akiandika upya kitabu hicho kizima, Chiu akiwa na mikono yote miwili. Hayo nilisimuliwa na mama yake.

Nikakikodi kile cha kwanza, nakala pekee ya dukani, nijisomee. Shule yangu mimi ni ya viraka: miaka miwili ya Kijapani, Wajapani walipotutawala, mmoja wa Kichina, mengine nimeokota melini. Nasoma kwa kidole na midomo, na kila nikiacha naandika namba ya ukurasa kwenye pakiti ya sigara nisipotee. Asubuhi ya siku ya tatu niliandika tisini na sita. Nikafunua. Mia moja na kumi na tatu.

Nikayalaumu macho. Nikalamba kidole, nikafunua tena. Nikakikunja kitabu mgongo, na pale fungu la kurasa lilipopaswa kushikana na wenzake palikuwa na gundi kavu tu. Tanuri, weupe, ile sauti, ule mkono, vyote vilikuwa vimebaki sakafuni kwa mfunga vitabu. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameandika kwenye daftari lile. Arobaini na mmoja, wenye vyeti ukutani.

Nilikimbia hadi kwa kina Yu-chin. Mama yake akasema ameshatoka kwenda kituoni, anapeleka mswada.

Ndani ya behewa nilimwekea kitabu juu ya bahasha.

"Soma namba."

"Baba mkubwa, kitabu hiki kimenichosha."

"Sijakwambia usome hadithi. Soma namba."

Akasoma. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Hakulia. Alisema polepole, "Nilidhani sijui kuandika."

Tukashuka Shigui, kituo kidogo kinachofuata, tukarudi na treni ya kwanza iliyopita, tukapitia kwao kuchukua nakala yake, kisha moja kwa moja dukani.

Mama Hsieh hakushtuka. "Ah, hilo. Nalijua tangu wiki ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Mzee, kinakodiwa, kinarudi. Nani amedai kurasa?"

"Na daftari ukalipeleka Taichung."

"Maoni ni ya wasomaji. Mimi mwenye duka tu."

Mwalimu Kuo alikuwa pale pale, anapekua magazeti. Yu-chin akamnyooshea nakala yake mwenyewe, iliyo kamili, kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. "Mwalimu, naomba. Kurasa kumi na sita tu."

Akaitazama bila kuipokea. "Binti, maoni yangu nimeshatoa. Kitabu kizuri hata ukikichana kinaeleweka."

"Na mwalimu mzuri," nikasema, "akikatwa kichwa anaendelea na somo?"

Wasichana wa shule wakacheka. Yeye akachukua mwavuli wake, akatoka.

Nimefukuzwa kazi katika bandari tatu, nimelala mahabusu kwa kosa la mtu mwingine, lakini sijawahi kukasirika kama siku ile. Moto ulionibabua haukuandika popote kwamba kosa ni langu.

Yu-chin alipeleka Taichung mswada wa awali wa kitabu cha pili, wenye mkono wa chuma, pamoja na barua ya kueleza. Akajibiwa kwamba daftari ni daftari. Kitabu cha pili hakikuchapwa. Mchapishaji akahamia vitabu vya mapishi. Mama Hsieh alifunga duka miaka sita baadaye, na pale sasa wanauza chai ya maziwa. Mwalimu Kuo alikufa kwa kiharusi. Nilikwenda msibani, nikachoma ubani kama wengine. Mimi niko Hualien, nafagia ua wa hekalu. Yu-chin yuko Kaohsiung, anachora vali kwenye kiwanda cha pampu. Ameolewa, ana watoto wawili. Haandiki.