Debe la Ijumaa

Nyumba ya Bi Mauwa pale Temeke ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja, na masikio yasiyohesabika. Mtu akikohoa chumba cha mbele, chumba cha nyuma kinampa pole. Kwa hiyo Gaspar, karani katika duka la vitambaa la Kutbuddin, alipoanza kutoka kila Ijumaa mchana na debe lililofunikwa, na kurudi alasiri na debe lile lile likiwa limefunikwa vile vile, nyumba nzima ilipata habari kabla ya mkewe.

Mkewe ndiye Demetria. Alikuwa na miezi minne tangu ashuke treni kutoka bara, na bado hajapata ndizi ya kupika iliyomridhisha. Habari za debe alipewa uani akimenya mihogo, na aliyempa ni Fransis, fundi baiskeli wa chumba cha tatu, mtu wa Songea na Mkristo mwenzao.

"Shemeji," Fransis alisema huku akitazama pembeni kama mtu anayeuza gongo, "mie sisemi kitu. Lakini Ijumaa saa saba wanaume wote wa mtaa wako msikitini. Njia tupu. Kwa nini mtu achague saa hiyo kutembea na debe?"

"Duka hufungwa saa hiyo. Tajiri wake ni Bohora, anakwenda kuswali."

"Sawa, tajiri anaswali. Na debe nalo linaswali?"

Demetria aliendelea kumenya, lakini kisu kilipungua mwendo. Yeye naye alikuwa na yake moyoni. Kila Ijumaa Gaspar alirudi ananuka sabuni ya dawa. Vipande vya kitambaa cha marekani alivyoleta kutoka dukani vilitoweka sandukuni. Wiki mbili zilizopita alikuta doa la rangi ya kutu kwenye mkono wa shati, na alipouliza, Gaspar alimjibu kwa upole, "Ni jambo la Mungu, Demetria. Likisemwa linaharibika." Mwanamke yeyote aliyewahi kujibiwa hivyo na mumewe anajua kwamba jambo la Mungu la namna hiyo aghalabu huvaa kanga.

Tatizo ni kwamba Gaspar hakuwa mtu wa kanga. Alikuwa Mkristo wa kupindukia. Saa sita ya mchana ikimkuta anapima kitambaa, aliweka mkasi chini akasali, mteja akisubiri na Kutbuddin akiikodolea macho saa ya ukutani. Jumapili alikwenda kanisani kabla jua halijatoka na akarudi akitabasamu, jambo ambalo Fransis aliliona si la kawaida kwa mtu aliyetoka kusikiliza mahubiri ya saa nzima.

Kisha neno lenyewe likatamkwa. Hakuna aliyejua nani alilitamka kwanza, lakini kufikia Jumatano lilikuwa limeshapita vyumba vyote na kurudi uani likiwa limenenepa. Neno hilo ni mumiani.

Mwaka ule mji mzima uliogopa mumiani, watu waliosemwa kwamba hulipwa kukamata wenzao, kuwatundika kichwa chini na kukinga damu yao ikatengenezewe dawa za Wazungu. Hakuna aliyewahi kumwona mumiani, ila kila mtu alikuwa na shangazi aliyeponea chupuchupu. Huko Kinondoni, ilisemekana, kijana alipigwa hadi mkono ukavunjika kwa kukutwa na chupa yenye kitu chekundu. Baadaye ilijulikana kuwa ni sharubati, lakini mkono ulikuwa umeshavunjika.

Wanawake wa uani walipima ushahidi kwa utulivu wa mahakimu. Debe lipo. Harufu ya dawa ipo. Marekani ni ya kuziba watu midomo. Na juu ya yote, mtuhumiwa ni wa dini ambayo wenyewe wanakiri kwamba kila Jumapili hunywa damu.

"Ile ni divai," Fransis alijitetea, "tena anakunywa padri. Halafu mie ni Mkristo wa kawaida, wa Krismasi na Pasaka. Msinihesabu."

Alhamisi asubuhi Bi Mauwa alimwita Demetria ukumbini. Bi Mauwa alikuwa mjane, mwenye nyumba, na mshonaji wa kofia ambaye hakuna Temeke nzima aliyemfikia kwa vitundu vidogo na vilivyolingana. Kila kofia yake aliimalizia kwa ua dogo la uzi wa kijani ndani ya ukingo, mahali anapopajua mvaaji tu. Ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mwaka uliopita alikuwa amemfanyia khitma mdogo wake aliyefia Lindi, wapangaji wote wakaalikwa, na Gaspar alikula pilau ile sahani mbili.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Sindano haikusimama. "Mie nimekaa na Wanyamwezi humu, nimekaa na Wangazija, sijamtoa mtu kwa dini yake. Lakini humu ndani mna watoto kumi na mmoja, na mama zao wote wamekuja kwangu. Kesho mumeo akirudi, debe lifunguliwe hapa, watu waone. Akikataa, mhame kesho hiyo hiyo."

"Na kama ni nguo tu?"

"Basi atakataa kwa nini?"

Demetria aliinuka akaaga. Alijua kwamba wakitoka pale na jina la mumiani, hakuna nyumba ya kuwapokea kuanzia Temeke hadi Kinondoni, na huenda wasifike huko na mikono yao yote mizima. Aliporudi Gaspar kutoka kazini alimweleza neno kwa neno. Gaspar alisikiliza mpaka mwisho, akanawa, akakaa.

"Siwezi kulifungua," alisema.

"Watatupiga, Gaspar."

"Najua. Lakini likifunguliwa, kuna mtu mwingine atakayeumia kuliko sisi."

Jibu hilo lilimtosha Demetria. Basi huyo mtu mwingine yupo, na bila shaka ana kiuno.

Ijumaa alimwacha mumewe atangulie, akajifunga kanga, akachomeka ndani yake mwiko wa ugali, ule mkubwa, na kumfuata. Gaspar alikwenda kwa miguu akisukuma baiskeli, maana mchanga ulikuwa mwingi na debe limefungwa nyuma. Alipita makaburi, akaiacha barabara, akashika kijia cha kuelekea pande za Kipawa, kwenye mikorosho isiyo na nyumba. Mara mbili alisimama na kugeuka. Mara mbili Demetria alijibana nyuma ya mkorosho, akijiuliza ni mtu wa namna gani anayegeuka nyuma anapokwenda kufanya jambo la Mungu. Alikumbuka kila alichosikia uani. Kwa mara ya kwanza alitamani siri ya mumewe iwe ni mwanamke tu.

Mwisho wa kijia palikuwa na kibanda cha makuti kilichoinama. Gaspar aliinama naye akaingia. Demetria alisogea hadi ukutani, na akasikia sauti ya mumewe, ndogo, ya kubembeleza.

"Leta mguu, baba. Leo hautauma sana."

Alichungulia. Gaspar alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee mmoja, na mguu wa mzee ulikuwa umelala mapajani pake kama mtoto. Vidole vya mguu ule vilikuwa viwili na nusu. Gaspar aliuosha kwa maji ya sabuni ya dawa, akiimba puani wimbo wa kanisani, na bendeji za zamani, zenye damu na usaha, alizitumbukiza ndani ya debe. Marekani ilikuwa imechanwa vipande safi kando yake.

Kivuli cha Demetria kiliziba mlango.

"Demetria," Gaspar alisema. Macho yalishuka hadi kiunoni kwake. "Umekuja na mwiko?"

"Nilidhani kuna mwanamke."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke awe mie, mwanangu? Basi mumeo hana macho."

Mzee huyo aliitwa Nassibu, na ndiye yule marehemu wa Lindi. Pilau yake ililiwa na nyumba nzima akiwa hai, anakuna vidonda vyake.

Wapo walioitwa na Mungu mlimani, wapo walioitwa jangwani. Gaspar aliitwa akiwa chooni. Nyuma ya ua wa makuti, miezi kadhaa baada ya khitma, alimsikia Bi Mauwa akizungumza na mtu aliyesimama kichochoroni. "Watu wakijua nina ndugu mwenye ukoma, nani atapanga kwangu? Nani atavaa kofia niliyoshika? Nimeshakufanyia khitma, Nassibu. Kaa huko ulikokufa." Halafu mlango ulifungwa, na Bi Mauwa alilia mlangoni kwa muda mrefu, Gaspar asiweze kukohoa wala kutoka. Alipotoka hatimaye, alifuata nyayo za yule mtu hadi kibandani.

"Nilimwambia kuna kambi ya wagonjwa kama yeye," Gaspar alisema.

"Iko mbali," Nassibu alisema. "Nimeshakufa mara moja, inatosha."

Demetria aliketi chini, mwiko mapajani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelazimika kumwamkia Bi Mauwa kila asubuhi ukijua."

"Badala yake nimekuamkia wewe kila asubuhi nikikushuku."

Gaspar alifunga fundo la bendeji. "Hapo nilikosea," alisema. "Lakini leo sitasema ukumbini. Alilolificha ni lake. Sitamvua nguo mbele ya wapangaji wake ili mimi nibaki na chumba."

Demetria alimtazama mumewe, kisha akatazama ule mguu uliofungwa vizuri kama zawadi. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na mahali pa kukaa tena. Alichukua kitambaa na kuanza kufuta mguu wa pili. 

Walipomaliza, alisema, "Mzee, hiyo kofia yako imechafuka sana. Nipe nikaifue."

Nassibu aliishika kichwani kwa viganja vyote viwili. "Hii ndiyo niliyobaki nayo kutoka kwao."

"Nitairudisha Ijumaa."

Aliivua. Demetria aligeuza ukingo, akaona ua dogo la kijani. Aliiweka ndani ya debe, juu kabisa ya bendeji, akafunika.

"Demetria," Gaspar alisema.

"Sijasema neno."

Walipofika nyumbani ukumbi ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wametoka msikitini, wengine na fimbo, na watoto walikuwa wamefungiwa vyumbani. Fransis alishika pampu ya baiskeli, silaha pekee aliyokuwa nayo. Bi Mauwa alikuwa amekaa kitini katikati, mikono imetulia, bila kofia ya kushona kwa mara ya kwanza.

"Weka chini," alisema. "Fungua."

Gaspar aliweka debe chini. Hakufungua. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na mtu mmoja alinong'ona kwamba anasoma uganga.

"Shikamoo, Bi Mauwa," Demetria alisema.

"Sijakuita wewe."

"Nyumba ni yako. Tunaomba uangalie wewe kwanza, peke yako. Ukisema watu waone, wataona."

"Ana kitu," mwanamke mmoja alisema. "Usikaribie, Bi Mauwa."

Lakini Bi Mauwa hakuwa mtu wa kuogopa debe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisogea, akainua kifuniko upande wake. Harufu ya dawa ilitoka, na watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Mkono wake uliingia, na haukutoka. Demetria aliona kidole gumba kikipita polepole kwenye ukingo wa kofia, kikifika mahali fulani, kikisimama hapo.

Kuku alipita ukumbini na hakuna aliyemfukuza.

Bi Mauwa alifunika debe. "Nguo chafu," alisema.

"Za nani?" Fransis aliuliza.

"Za mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Tuone nasi."

"Unataka kuzifua, Fransis?"

Fransis hakutaka kuzifua.

"Basi rudini vyumbani. Mwenye nyumba ameangalia." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, lakini aliendelea kushika kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayezuia maji yasifurike. Watu walipoanza kutawanyika kwa kunung'unika, aliuliza bila kuinua uso, kwa sauti ambayo Demetria na Gaspar peke yao waliisikia. "Anakula?"

"Anakula kidogo," Gaspar alisema. "Vidonda vya mguu wa kulia vinakauka."

Bi Mauwa aliingia chumbani kwake, na hakuonekana hadi kesho yake.

Mtu angetarajia kwamba nyumba ilitulia. Haikutulia hata kidogo. Uani walijiuliza kwa siku nne Bi Mauwa alipewa nini ili anyamaze. Jumamosi familia ya chumba cha mbele ilihama. Kina mama waliwavuta watoto ndani kila Demetria alipokwenda kuchota maji, na Fransis aliwaeleza wateja wake kwamba yeye alijuaga tangu mwanzo. Gaspar aliwaamkia wote kama kawaida, na alipokosa majibu aliamkia tena kesho yake. Demetria naye alianza kufanya hivyo, mwanzoni kwa kukunja uso, baadaye bila kukunja.

Ijumaa walikuta mlangoni pao kanga kuukuu iliyofuliwa na kuchanwa vipande vya upana mmoja, vimekunjwa kwa makini. Hakukuwa na ujumbe wowote. Walivitia ndani ya debe, pamoja na kofia safi, wakaondoka pamoja, Gaspar akiongoza baiskeli na Demetria akisukuma nyuma.

Ijumaa iliyofuata walikuwa wamefika makaburini Demetria aliposikia nyayo. Aligeuka. Mbali kidogo nyuma yao alikuja mwanamke aliyejifunika buibui, akitembea kama mtu anayekwenda mahali pengine kabisa, na mikononi amebeba sahani iliyofungwa kitambaa. Upepo ulileta harufu ya iliki na nyama. Ilikuwa pilau, na marehemu alikuwa hajaionja.

"Usigeuke tena," Gaspar alisema. "Akiona umemtambua, atarudi."

Demetria hakugeuka. Alisukuma baiskeli mchangani, akipunguza mwendo kidogo ili asimwache anayefuata.

Kule Temeke, Fransis alikuwa amesimama barazani, pampu mkononi. Alihesabu waliotoka, akarudia kuhesabu. Sasa mumiani walikuwa watatu. Aliingia ndani akafunga komeo.