Kitu Kinachoitwa Mwinjuma

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, ofisa Mwinjuma kutoka Tanga alibomoa nyumba yetu mlimani, akatujengea nyingine bondeni kwa miti mibichi. Tulimwambia aiache ikauke kwanza. Akatuita wapinga Ujamaa. Masika ya kwanza yakaiangusha.

Sikupiga kelele. Nilianza tu kuita "mwinjuma" kila kitu kisichodumu, kamba inayokatika, sufuria inayovuja, mpaka soko zima la Mlalo likaniiga.

Miaka mitatu baadaye ofisa yule akaja sokoni kununua kikapu. Raheli, muuzaji asiyemjua, akamwamkia shikamoo kwa adabu.

"Acha hicho, mzee, chukua hiki. Hicho ni mwinjuma tu."

"Ni nini?"

"Mwinjuma. Kitu kisichomaliza masika."

Nikasogea karibu. "Hebu mtajie jina lako, mzee."