Darubini Yenye Plasta

Ghulamabbas, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa plasta. Kila kitu alichokwisha kukiweka jinsi alivyotaka yeye, alikibandika plasta ya kidonda ili kisisogezwe na mtu. Redio ilikuwa na plasta. Kile kidude cha ukutani cha kuongeza na kupunguza joto la nyumba kilikuwa na plasta, na wageni waliotetemeka sebuleni kwake mwezi wa Januari walikitazama kwa uchungu wakanyamaza. Shaukat, mwanawe wa pekee, aliwahi kubandua moja alipokuwa kijana, akasemwa mpaka akajuta kuwa na vidole. Basi ikawa sheria ya nyumba: penye plasta, mkono haufiki.

Kwa hiyo alipofariki mwishoni mwa mwaka 2010, na mkewe Zebunissa akamaliza eda na kuitoa darubini ya marehemu kabatini, plasta iliyozunguka upande wa jicho la kulia hakuigusa. Haikumjia hata akilini kuigusa.

Tangu walipohamia Toronto kutoka Tanga, alikuwa akifuatana na mumewe kwenda ziwani kutazama ndege, lakini darubini haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa chupa ya chai na kababu. Mzee alitazama, akasimulia. "Mnandi yule, kafungua mbawa anajianika kama shati." Yeye alimimina chai, akaitikia, na mara nyingi hata hakuinua macho. Sasa nyumba yao ya ghorofa ya kumi na moja, kule Rexdale kwenye barabara ya Kipling, ilikuwa kimya kiasi cha kumtia kichaa. Siku moja ya mwezi wa Aprili akajitundika darubini shingoni, akapanda basi moja, akaunganisha la pili, akateremka ziwani peke yake.

Aliiweka machoni kumtafuta bata. Jicho la kushoto likamwona bata, manyoya na maji yakimdondoka. La kulia likaona ukungu.

Alifuta lenzi kwa ncha ya mtandio. Ukungu. Akafuta tena, akasugua na jicho lenyewe, akazungusha gurudumu la katikati mbele na nyuma. Kulia kukawa safi kidogo, na kushoto kukaingia ukungu. Hapo akaishusha darubini, kwa maana mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza na jicho la kulia, ukungu mdogo tu wa kusingizia moshi wa jikoni, kisha likafuata la kushoto, na miaka yake ya mwisho pale Tanga aliimaliza akipapasa kuta kwa viganja na kuuliza kila aliyeingia, "Nani huyo?"

Zebunissa hakumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe hakujiambia vizuri. Ilikuwa kazi nyepesi kusimama mbele ya kioo, kulifumba jicho la kushoto na kuona la kulia linaona nini. Hakufanya. Alinawa uso macho mawili yakiwa wazi, akala, akaswali, akatazama televisheni, na jicho la kulia akaliacha lifiche siri yake. Mtu mwenye hofu ya namna ile hataki kujua. Anataka tu kesho ifanane na leo.

Tena kulikuwa na Shaukat. Shaukat alikuwa mtoto mwema, ila wema wake haukuwa na breki. Tangu baba yake azikwe, alikuwa amemtengenezea mama yake chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwake Vaughan, nje ya jiji: zulia jipya, kitanda kipya, televisheni kubwa kama mlango. Dirisha lake lilikuwa juu karibu na dari, na ukisimama juu ya kiti ungeona nyasi na gurudumu la gari la jirani. Zebunissa alikuwa na sababu moja tu ya kukataa, nayo ni kwamba anajiweza. Shaukat angesikia neno "jicho" tu, angefika jioni ile ile na gari la kubebea mizigo. Huko chini angekaa, anaheshimiwa, analishwa vizuri, wala hatoki.

Jirani yake wa ghorofa ya tisa alikuwa Jepkosgei, nesi kutoka Eldoret, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye hatua ndefu na maneno mengi. Walikutana kwenye lifti, wakafurahi kukuta Kiswahili mle ndani, na mwezi wa Mei alipopata siku ya mapumziko alianza kumsindikiza mama huyu ziwani. Alikuwa na darubini yake ndogo. Alionyesha kila kitu kilichoruka.

"Mama Shaukat, angalia ule wa manjano! Kwa hiyo tawi, juu kidogo. Umemwona?"

"Nimemwona, nimemwona," alijibu Zebunissa, akiutazama ukungu.

Alisema uongo mchana kutwa, na nesi hakushtuka. Alichokiona nesi ni shingo.

"Mama, hii kitu itakuvunja shingo," alisema siku moja, akiipima darubini ya Ghulamabbas mkononi. "Ni kama kubeba tofali. Tutafute ingine, ndogo, ya kukaa kwa mkoba kila siku. Unajua wale ndege wazuri hujitokeza tu ukiwa kituoni unangoja basi."

"Hii ya mzee yatosha."

"Ya mzee iwekwe vizuri nyumbani. Jumamosi niko off. Twende duka."

Zebunissa alitafuta sababu ya kukataa akaikosa. Kila sababu ingezaa swali, na maswali ya nesi hayana mwisho. Wiki ile alikula kwa kujilazimisha. Alijua kwamba hiyo mpya nayo ikionyesha ukungu, hatakuwa tena na mahali pa kujificha.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, limejaa vitabu vya ndege na mifuko ya mbegu, na mwenye duka alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe aliyezungumza Kiingereza cha taratibu kama anayemsomea mtoto. Alianza na darubini kubwa yenye nguvu, fahari ya duka. Zebunissa aliielekeza dirishani na dunia nzima ikaanza kucheza ngoma: nguzo ya umeme ikaruka, bango likaruka kila alipovuta pumzi. Akairudisha haraka. Ya pili ilikuwa ndogo hata ya kuingia mfukoni mwa koti. Jepkosgei aliipenda mno. Lakini kuitazamia kulikuwa kama kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Ukisogea unywele mmoja, giza.

"Hapana," alisema Zebunissa, jasho likimtoka chini ya mtandio. "Twende zetu, mwanangu. Si za kwangu hizi."

"Mbili tu, mama! Hata viatu mtu hujaribu zaidi ya mbili."

Mwenye duka alileta ya tatu. Haikuwa kubwa wala ndogo. Ilikuwa na mpira mweusi usioteleza, na ilipokaa viganjani mwake vidole vilijipanga vyenyewe. Kwa dakika moja alisahau woga wake, akaigeuza geuza, akaitia mkobani kati ya pochi na tasbihi kuona kama itaenea. Ikaenea.

"Sasa tuiweke sawa na macho yako," alisema mwenye duka. "Fumba jicho la kulia kwanza. Zungusha gurudumu la katikati mpaka uone vizuri."

Kulikuwa na shomoro juu ya waya ng'ambo ya barabara, ana unyasi mdomoni. Zebunissa akamweka wazi kwa jicho la kushoto. Hilo halikumsumbua.

"Vizuri. Sasa fumba la kushoto, ufungue la kulia."

Hakufumba. Alisimama vile vile, darubini usoni. Mtu asiyemjua, katika duka la mbegu, alikuwa amemwamuru afanye lile alilokuwa akilikimbia tangu Aprili.

"Mama? Uko sawa?" Jepkosgei alimshika kiwiko.

Alipiga bismillahi kimoyomoyo, akafumba.

Shomoro alikuwapo, lakini kingo zake hazikutulia. Basi, akajisemea, ndiyo haya.

"Usiguse tena gurudumu la katikati," alisema mwenye duka, kana kwamba hakuna lililotokea. "Hapo kwenye jicho la kulia pana pete. Izungushe polepole. Macho ya mtu hayalingani, kila mmoja huiweka kivyake. Ndiyo maana darubini ya mtu mwingine inaweza kukuonyesha ukungu mtupu."

Zebunissa aliigusa ile pete. Akaisogeza kidogo, kidogo sana. Shomoro akatulia. Ukaonekana unyasi mdomoni mwake, tena si mmoja bali nyasi mbili, na doa jeusi la koo, na upepo ukimfumua unyoya mmoja wa shavuni. Jicho la kulia, peke yake, lilikuwa likihesabu manyoya ya shomoro.

Aliishusha darubini akaketi juu ya gunia la mbegu za alizeti. Akacheka. Kisha akalia, kisha akacheka tena, na mwenye duka akaenda kutafuta maji.

"Arre, Jepkosgei, mwanangu! Naona! Jicho langu zima!"

"Kwani nani alisema si zima?"

Ndipo alipomwaga yote: ukungu, mama yake, chumba cha chini, zile "nimemwona" zote za uongo. Jepkosgei alimsikiliza mikono kiunoni.

"Mama Shaukat! Mimi nesi, tunakaa jengo moja, na unanificha jicho? Wiki ijayo tunaenda kwa daktari wa macho, na hakuna kuniambia nimeona, nimeona."

"Twende hata kesho," alisema Zebunissa, na alimaanisha. Daktari hakumtisha tena. Alinunua ile ya tatu bila kuuliza kama iko ya rangi nyingine, na kwenye kituo cha basi aliitoa mara tatu kutazama njiwa wa kawaida kabisa, wa takataka, akawaona wazuri.

Jioni alimpigia simu Shaukat akamweleza kila kitu mwenyewe. Shaukat alifoka kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kisha akapoa.

"Chumba kile mpe mpangaji," mamake akamwambia. "Mimi sihami. Jumapili nije kula tu."

Alipoweka simu alijiona mwepesi, kama aliyevua koti la baridi baada ya miezi. Akaichukua darubini ya marehemu ili aipanguse na kuirudisha kabatini. Hapo akaikumbuka pete. Plasta ilikuwa imezunguka pale pale, na mzee hayupo wa kumsema. Akaibandua taratibu kwa ukucha.

Ile mpya ilikuwa na nukta ya katikati, ya macho yanayolingana, na pete yake ilisimama karibu kabisa na nukta hiyo. Ya Ghulamabbas ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho, mahali ambapo haiendi tena.

Mtu anaisukuma mpaka mwisho kama jicho lake la kulia limeharibika. Na Ghulamabbas hakuwahi kuvaa miwani maisha yake yote. Miwani, alisema, ni ya wazee.

Mambo yakaanza kumrudia moja moja. Kule Tanga, ambako dereva hukaa kulia na mke kushoto, mzee alichukia kuendesha gari, kila safari akatafuta dereva. Alipofika Canada akaipenda barabara ghafla. "Huku ndiko wanakojua mambo," alisema, mkewe akiwa ameketi kulia kwake. "Zebu, nisomee kibao hicho. Kuna gari upande wako?" Yeye alimsomea, miaka yote, akidhani ni ubwana wa mwanamume anayependa kuhudumiwa. Na kule ziwani wakitembea, yeye akipita kushoto, mzee alisimama na kumgojea azunguke. Kulia, siku zote kulia. Alidhani ni adabu.

"Mzee mwongo wewe," alisema kwa sauti mle sebuleni. "Kwenye barabara kuu, na malori yale!"

Alikasirika kweli, akapiga paja. Halafu akaiinua darubini ile nzito dirishani bila kuigusa pete. Kushoto aliona taa za Kipling, kulia ukungu. Ulikuwa ule ule uliomnyima usingizi, lakini sasa aliutazama bila haraka, maana hapo ndipo mumewe alipokuwa akiona vizuri kuliko mahali pengine popote.

Alikwenda kabatini akatoa plasta mpya. Akaizungusha juu ya pete, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekaa kulia vile vile."